Ngoma ya Kuingia Motoni

"Ingia!" mwanangu alifoka, na hayo hayakuwa maneno ya mchezo.

Katika ngoma yetu ya hadithi ya kale, yeye alikuwa mfalme Rama, taji kichwani. Mkewe, Kinasih, alikuwa malkia Sita, aliyetekwa na zimwi akakombolewa, na sasa lazima apite motoni mumewe aamini kwamba hakuguswa. Moto wenyewe ni vitambaa vyekundu vinavyotikiswa na wasichana wanne. Kila mwaka Rama humwamuru kwa lugha ya kale. Safari hii mwanangu alitumia lugha ya sokoni, kijiji kizima kisikie.

"Miaka miwili nimekatika mgongo kwenye mashamba ya michikichi Malaysia. Ingia, tujue ulikuwa unalala na nani!"

"Leo ipo kazi," mama mmoja akaguna.

Mpiga ngoma ni mimi. Nisipopiga, Sita hanyanyui mguu. Kiganja changu kilikuwa juu ya ngozi, bado sijapiga.

Kinasih alishika ncha ya mtandio wake kwa vidole viwili, kama nilivyomfundisha.

"Na wewe, miaka hiyo miwili, ulilala peke yako?" akauliza. "Moto ndio huo. Tangulia, mume wangu."

Mwanangu akacheka peke yake. Akanigeukia.

"Baba, mpigie aingie."

Mkono wake ulikwenda sikioni, kama zamani utotoni alipokuwa akiiba sukari na kukana.

Nikapiga, nimemkazia macho mwanangu, si mkewe.

Kinasih akasogea kando, akampisha mumewe atangulie.