Kibetri cha Shauri

"Nikitetemeka tu, zinafutika zote," Saumu alisema, macho yake yasibanduke mezani.

Mashine ya gemu ya mkononi ilikuwa imelala kifua wazi, ikipiga wimbo. Marehemu Shauri, mwenzake wa kutunga muziki kwa milio ya vimashine hivi, aliacha nyimbo kumi na tisa ndani ya kaseti moja ya gemu iliyochomekwa humo, zikitunzwa na kibetri bapa kama kifungo cha shati. Kibetri kilikuwa kinakufa. Kukibadilisha mashine ikiwa imezimwa ni kuzizika nyimbo, kwa hiyo Saumu alikibandua mashine ikiwaka, ili umeme wake uzishikilie.

Bi Mwanakombo, mama yake Shauri, alikaa mkabala naye, pindo la kanga mdomoni.

"Mwanangu, taa ya mashine inafifia."

Saumu aliiona. Kwa pupa ya kuanza, alisahau kuitia mashine yenyewe betri mpya. Wimbo ukaanza kukwaruza. Akagusisha ncha ya moto ya chuma cha kulehemu, risasi ya kulehemia ikayeyuka juu ya kibetri kipya, moshi ukamwingia machoni. Hakupepesa hadi risasi ilipoganda.

"Imeshika?"

"Sijui, mama. Mpaka nizime, niwashe tena."

Akapeleka kidole kwenye swichi. Bi Mwanakombo akamdaka mkono.

"Usimkatishe. Mwache amalize."

Wakasubiri, mkono juu ya mkono. Wimbo ulifika tamati, kisha ukarudi mwanzo. Shauri alizitunga zote zizunguke bila mwisho. Taa ikabaki nukta nyekundu, kama ncha ya udi.