Jora la Nyumbani

Bandeji alipiga magoti, akagonga zege kwa nyundo yake ndogo, akalaza sikio. Akasogea kidogo, akagonga tena. Majirani walikuwa wamesimama barabarani kimya, na hata wenye magari walikuwa wamezima injini ili asikie vizuri.

"Shemeji, pumzika kidogo, unywe hata maji," alisema kaka wa mkewe.

"Ngoja kwanza. Nyamaza nisikie."

Jina la Bandeji alipewa na mafundi wenzake. Kazi yake ilikuwa kuzifunga nguzo za majengo makuukuu kwa kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni kilicholoweshwa gundi, ambacho kikikauka hushinda chuma. Zamani aliwafuata wateja mpaka viatu vikalika soli. Kisha soko la zamani likaporomoka, na kila mwenye nyumba yenye ufa akamkumbuka. Majora ya kitambaa yakagombewa yakiwa bado melini. Naye alikuwa na neno moja kwa wote: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nyumbani kwake ufa ulikuwa jikoni, kwenye nguzo kubwa. Ilikuwa nyumba ya urithi, ya ghorofa mbili, na wapangaji wa juu walikuwa wamekwisha kuhama kwa hofu.

"Mume wangu, sasa hata kisu kinaingia," mkewe alimwambia.

"Jora lijalo ni letu, mama."

Jora likaja, na mwenye hoteli naye akaja. Lililofuata likaenda shuleni. Mara ya kwanza mkewe alicheka, akasema kweli mganga hajigangi. Mara ya pili hakucheka. Alichana shuka kuukuu, akaifunga nguzo mwenyewe, akarudi kukaanga vitunguu. Bandeji aliona aibu, lakini simu ikaita, na mteja ni mfalme.

Leo jora lilikuwa garini, na hakuna ambaye angelipata, hata angekuja na gunia la fedha.

Aligonga tena. Safari hii zege liliitika kwa sauti ya uwazi, kama mtungi mtupu. Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha miaka yote, maana palipo na uwazi ndani ya zege pana kazi ya fundi. Moyo ukamruka kwa furaha.

"Hapa," alisema. "Hapa pana uwazi." Kisha akainua sauti. "Mama watoto, nimelileta. Jora letu nimelileta."

Hakujibiwa. Shemeji yake akatazama pembeni.

"Amenuna," alisema Bandeji. "Ana haki ya kuninunia."

Alikuwa tayari kumwangukia miguuni mbele ya majirani wote, kama angemwita tu, hata kwa kumkaripia. Akagonga pale pale, akasubiri, akagonga tena, machozi yakidondokea nyundo, mpaka mkono ukafa ganzi.

Mtu mmoja mwenye helmeti akamshika bega. "Inatosha, mzee wangu. Shuka, utuachie sisi."

Bandeji alisimama taratibu. Kutoka juu ya paa la nyumba yake ya ghorofa mbili, akashuka hatua moja tu, akawa barabarani.