Bawa Juu ya Paa

Ndege ya kivita ilipita juu ya paa, ikalaza bawa la kushoto, na Nakijwa akainuka kubandika maji ya ugali. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya mumewe, Kanali Mnzava, kila alipokuwa akirudi kutua kambini: mke wangu, nimefika, njaa inaniuma. Maji yalipoanza kutoa mvuke ndipo alipokumbuka kwamba juzi tu walimzika.

Akaketi chini palepale jikoni.

Baadaye kidogo Kapteni Masunga, mwanafunzi wa marehemu, akasimama mlangoni, helmeti kwapani, macho mekundu.

"Nisamehe, mama. Ni mimi niliyepita. Mwalimu alinizoesha kulaza bawa hapa tangu siku aliponiachia usukani. Leo mkono umelaza wenyewe."

"Na wangu umebandika wenyewe, baba. Karibu ukae."

Akamsogezea kigoda. Rubani akakaa, akainama, akaanza kulia. Maji yakachemka, yakafurika, yakawa yanazima mkaa mmoja mmoja, na hakuna kati yao aliyenyoosha mkono kuchukua mwiko.