Nyumba ya Kulinganishia

Kila mtaa ulikuwa na nyumba moja iliyoachwa kama zamani, ili ijulikane fedha za umma zilizokwenda kwenye utafiti zimeleta faida gani. Mtaani kwa Tulizo, nyumba hiyo ilikuwa yake. Majirani walipika maharage mapya ya watafiti. Yeye na bintiye Atu walikula yale yale ya siku zote.

Leo mpimaji wa watafiti aliwasimamisha ukutani Atu na Sekela, mtoto wa jirani, waliozaliwa wiki moja. Sekela alimzidi mwenzake kichwa kizima.

"Hongera, mama," mpimaji alisema kwa bashasha. "Bila nyie tusingejua kama yanafaa."

"Na Atu akimfikia?"

"Tofauti itakuwa haipo. Mradi utafungwa, mbegu zitarudishwa."

"Za mtaa mzima?"

"Za nchi nzima, mama."

Alipoondoka tu, hodi ikasikika uani. Mama Sekela alikuwa na bakuli lililofunikwa, ingawa nyumba ya Tulizo ilikatazwa kuonjeshwa maharage mapya.

"Nimeshindwa kuvumilia, shoga. Mpe mtoto."

Tulizo alifunua, akachungulia kwa hamu ya kujua. Rangi ile ile, harufu ile ile ya maharage yao ya siku zote.

Nyuma yake, Atu alikuwa ameshanawa mikono.