Ugonjwa wa Bi Mdogo

Bi Mdogo alikuwa amesinyaa kama soksi iliyolowa, mdomo wazi, na aliyemwona kwanza ni mke wa dereva.

"Baba watoto, njoo! Amerudia tena."

Dereva alitoka bafuni na povu la sabuni shingoni, akapiga magoti mbele ya tangi la kioo pale sebuleni. Ndani yake, juu ya jiwe la matumbawe, alikaa Bi Mdogo: anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua. Akiwa mzima, minyiri yake hupepea majini kama nywele. Leo alikuwa donge la kijivu. Samaki mdogo wa rangi ya chungwa aliyezoea kulala katikati ya minyiri hiyo alikuwa akizungukazunguka, mithili ya mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

"Siwezi kumwacha hivi," dereva alisema. "Mpigie bosi. Mwambie kesho siendi."

"Mpigie mwenyewe. Mimi nimechoka kutukanwa."

Jina la Bi Mdogo alilitoa mke, kwa utani, siku tangi lilipoletwa. "Mwenzangu kaolewa na taa yake na pampu yake," aliwaambia majirani. "Mimi niliingia na sanduku tu." Lakini mume akiwa safarini, ni yeye aliyemlisha vipande vya kamba wa baharini kwa kibanio kirefu, na ni yeye aliyesugua kioo.

Sasa mume hakuwa safarini. Lori lake lilikatika breki mteremkoni. Yeye alitoka na mkwaruzo kwenye kiwiko. Utingo wake alizikwa. Kampuni ikampa mapumziko, na mapumziko yakaisha. Mke alipomuuliza hali, jibu lilikuwa moja tu: "Mimi niko sawa kabisa. Huyu akipona, naingia barabarani."

Basi mke akamuuguza Bi Mdogo kama anavyouguzwa mtu. Alipunguza mwanga wa taa. Aligeuza pampu ili mkondo usimpige usoni. Alibadilisha maji kidogo kidogo, akikoroga chumvi kwenye ndoo mpaka mkono ukawasha. Mnyama alifunguka, nyumba nzima ikapumua. Mume akatoa begi lake juu ya kabati. Mara mnyama akasinyaa tena.

Wakamwita muuza samaki wa mapambo, aliyewauzia tangi lile. Alichota maji, akatumbukiza kipimo chake, akaguna.

"Chumvi imeshuka. Samaki atavumilia, lakini huyu hawezi. Hana magamba, hana ganda, hana pa kujifungia. Nani anatia maji ya bomba humu?"

"Mimi," mke alisema. "Kikombe kimoja asubuhi, kufidia yanayokauka. Ndivyo ulivyonifundisha, shemeji."

"Kikombe hakishushi chumvi namna hii." Muuza samaki alifuta kipimo polepole kwenye shati lake. "Shemeji, usinielewe vibaya. Kila mumeo akishika begi, mgonjwa anazidiwa. Na wewe mwenyewe unamwita mke mwenza."

Mke alimtazama mumewe, akingoja amtetee. Dereva alikuwa akitazama zulia.

"Naapa kwa wanangu," mke alisema. "Kazi ile ndiyo inayotulisha. Nitamtiliaje sumu?"

"Hakuna aliyesema sumu," muuza samaki alijibu. "Ila usimguse tena."

Hakumgusa tena. Alipita mbali na tangi kama mtu anayepita karibu na waya wa umeme. Hata hivyo alianza kujitilia shaka. Je, alikosea ndoo? Alichanganya chumvi vibaya? Alikuwa akisuuza vyombo, ghafla anasimama na sahani mkononi, akikumbuka kila kikombe alichowahi kumimina.

Bosi alipiga simu kwa mara ya mwisho. Lori limeshapakiwa; dereva asipotokea, funguo anapewa mwingine, na asirudi kuulizia.

Na kama kwamba amesikia, Bi Mdogo alifunguka siku hiyohiyo. Asubuhi ya safari minyiri yake ilikuwa imejaa, ncha zake zikiwa na rangi ya zambarau, na yule samaki mdogo amezama ndani yake akibaki mkia tu. Mke alisimama mlangoni akatazama kwa mbali, machozi yakamtoka kwa shukrani.

"Umeona?" alimwambia mumewe. "Amekupa ruhusa. Nenda, baba."

Dereva alifunga vifungo vya sare yake. Alikosea kimoja, akavifungua vyote, akaanza upya. Nje lori lilisimama likinguruma. Dereva mwenzake, aliyekuja kumchukua, alipiga honi.

Mke alikimbilia jikoni kumfungia mkate na mayai ya njiani. Alipogeuka na kifurushi mkononi, alimwona mumewe kupitia mlango uliobaki nusu wazi.

Alikuwa amesimama mbele ya tangi, ameshika jagi la maji ya kunywa kwa mikono miwili. Alilimimina lote ndani. Kisha akaegemeza paji la uso kwenye kioo, mabega yakimtikisika, huku minyiri ikianza kujikunja.

Honi ililia tena.

Mke aliweka kifurushi mezani bila kelele. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba hadi kwenye lori.

"Nenda zako, shemeji," alimwambia yule dereva. "Mwambie bosi haji. Bi Mdogo anakufa, na aliyekuwa akimtilia maji siku zote hizi ni mimi."