Keki ya Zamzamu

Tunu alimpeleka Zamzamu, binti wa mumewe, kwa mpishi wa keki ili achague mwenyewe keki ya kutimiza miaka kumi na tano. Njia nzima msichana alikuwa akiitikia kwa kichwa tu.

"Juu niandike 'Kutoka kwa mama'?" mpishi aliuliza.

Tunu aliona haya. "Hapana, mama yake ni marehemu. Andika jina langu tu."

"Andika 'Kutoka kwa mama zangu,'" Zamzamu alisema.

Tunu akamuuliza Zamzamu mama yake alikuwa akipenda rangi gani.

"Zambarau," alijibu, na kwa kidole akaanza kuchora, juu ya kioo cha kabati, maua ambayo mama yake alizoea kuyadarizi.