Mistari ya Nyuma

Skola wa maabara alimfunga Nyamizi mpira mkononi, akamwambia akunje ngumi. Vidole vilikunjika nusu, vikagoma. Vilikuwa vimevimba kwenye viungo, kama kila asubuhi mwezi huu.

"Basi acha," Skola akasema. "Mshipa nimeshauona."

"Usiimalize damu, shosti. Nina vichwa viwili vinanisubiri saluni."

Damu ikajaza kichupa cha kwanza, halafu cha pili.

"Kwani mnatafuta nini humo?"

"Tunaangalia kama kinga ya mwili wako imekugeuka. Badala ya kupigana na magonjwa, inapigana na viungo vyako."

"Ikiwa ndiyo hivyo, nitasuka tena?"

Skola aliinama kuandika jina kwenye kichupa. Nyamizi akaiona mistari ya nywele aliyomsuka Jumamosi. Ya mbele ilikuwa imebana vizuri. Ya nyuma, aliyoimalizia mwisho, ilikuwa imelegea, na mmoja ulikuwa umefumuka kabisa. Skola alikuwa ameushika kwa kibanio.

"Mbona hukurudi nikurekebishie?"

"Ungeumia," Skola akasema, bila kuinua kichwa.

Nyamizi akaiangusha pamba aliyopewa akandamizie pale sindano ilipotoka. Akakitoa kile kibanio, akazigawa nywele mafungu matatu, akaanza kusuka. Fungu la tatu likamponyoka. Akalishika tena, likamponyoka.

Mlangoni mgonjwa mwingine alibisha hodi. Skola alibaki ameinama, vichupa viwili mkononi, huku vile vidole vikihangaika kisogoni kwake.